Noti ya Juu ya Fundi Friji

"Kwa heshima na taadhima kuu, umma wote, wenye masikio mazima na wenye masikio ya kuazima, unatangaziwa kwamba Bendi ya Tarumbeta ya Mtaa inafungua msimu wake mtukufu wa maonyesho, na itaufunga kwa tukio ambalo historia haijapata kulishuhudia: kurekodi albamu yake mpya!"

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la mikate, kati ya karatasi ya mtu aliyepoteza mbuzi na karatasi ya mtu aliyeokota mbuzi. Bendi yenyewe tukufu ilikuwa na tromboni iliyokazwa kwa uzi wa fundi viatu, tuba yenye bonde ubavuni, na mpiga ngoma ambaye asipohesabu kwa sauti hupotea njia. Albamu iliitwa mpya kwa sababu ya zamani haikuwahi kuwepo.

Mwandishi wa tangazo alikuwa binti aitwaye Kiroboto, jina alilopewa na mjomba wake kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kukaa mahali bila kumwasha mtu. Kuandika matangazo ilikuwa adhabu yake. Likizo iliyopita alibadilisha karatasi za muziki, nusu ya bendi ikapiga wimbo wa gwaride na nusu ikapiga wimbo wa kubembeleza mtoto, na kiongozi wa bendi, karani mstaafu wa posta, akatua fimbo yake taratibu na kuomba apelekwe kwa daktari.

Huko shule ya bweni alikosomea, Kiroboto ndiye aliyepiga tarumbeta ya kuwaamsha wenzake alfajiri. Kazi hiyo ilimfanya achukiwe na bweni zima, ila ilimpa midomo ya chuma. Akirudi likizo alipewa tarumbeta ya tatu. Ya kwanza huimba, ya pili huitikia, ya tatu husubiri. Alisubiri akiwa ameketi nyuma ya tuba ya Mama Mikate, mwenye lile duka, mama mtulivu mwenye unga viwikoni, na tuba ile ilikuwa pana kiasi kwamba kiongozi hakuwahi kuona zaidi ya nywele za Kiroboto.

Tarumbeta ya kwanza ilikuwa ya mjomba, kaka wa mama yake, fundi friji. Alikuwa ameishika nafasi hiyo tangu kabla Kiroboto hajazaliwa. Wimbo wa kufungia maonyesho ulikuwa wake: bendi inanyamaza, tarumbeta yake inapanda peke yake, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mtoto aliyelala begani, mpaka noti moja ya juu kabisa. Hapo bendi nzima huingia kwa kishindo na watu husimama.

Mwaka ule mjomba aling'olewa meno mawili ya mbele, akawekewa ya bandia. Mpiga tarumbeta hutegemea meno ya mbele kama mlango unavyotegemea bawaba. Kwenye onyesho la kwanza, katika ukumbi wa shule, alipanda vizuri ngazi zote, akafika juu, na badala ya noti ikatoka hewa, fyuuu, kama tairi la baiskeli. Mtoto mmoja mstari wa mbele akacheka. Cheko la mtoto ni moto wa nyasi. Likafika mpaka mlangoni.

"Fundi," kiongozi alimwambia baadaye, akikunja karatasi zake, "tutaushusha wimbo. Kidogo tu. Noti ile haitakuwa juu hivyo."

"Ushushe siku mimi mwenyewe nikishushwa kaburini."

"Haya. Nakupa mpaka siku ya kurekodi. Isipotoka siku hiyo, naushusha, upende usipende."

Kesho yake Kiroboto alikuwa karakana kwa mjomba, amemshikia tochi. Friji zilikuwa zimesimama bila milango, kama watu waliovuliwa mashati kwa daktari. Mjomba alikuwa ameingiza kichwa ndani ya mojawapo, na huko ndani akasema:

"Kiroboto, mama, msimu huu ndio wa mwisho. Mdomo unanikatalia. Sina ugomvi nao, umefanya kazi. Ila nataka noti ile ibaki mahali. Mtu akiitaka aisikie, hata mimi mwenyewe nikiwa nimekaa tu."

Kiroboto akainama karibu zaidi. Akasogeza tochi.

Onyesho la pili lilikuwa kwenye ua wa hospitali, mchana, wagonjwa wameketi kivulini na blanketi mapajani. Wimbo wa mwisho ulipofika, Kiroboto aliinua tarumbeta yake nyuma ya tuba, ingawa karatasi yake ilimwambia asubiri. Mjomba akapanda. Akafika juu. Ikatoka pumzi tupu. Mgongo wake ukakakamaa. Na hapo, kabla mtu hajageuza shingo, Kiroboto akapuliza.

Noti ikatoka safi kama kijiko kilichogongwa kwenye glasi. Bendi ikaingia kwa kishindo, na katika kishindo hicho nani atajua kipi kimetoka wapi? Wagonjwa wakapiga makofi, mmoja akapiga kwa mkono wenye plasta.

Mama Mikate aliinamisha tuba yake kumwaga maji, kama wapigaji wote wafanyavyo, akasema bila kugeuka: "Wewe."

"Mimi?"

"Nina unga viwikoni, sina masikioni."

"Mama, nakuomba usiseme."

"Mimi nauza mikate, siuzi watu. Ila hili unalolikanda litaumuka, mwanangu."

Mjomba yeye alikuwa mtu mwingine. Njiani alitembea amekumbatia sanduku la tarumbeta kama mchumba.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Sasa nikupe siri, na usiwape wengine bure. Nilikuwa naisukuma noti kama gari bovu. Leo nikasema, basi, njoo ukitaka. Ikaja! Siri ni kutolazimisha."

"Kutolazimisha," Kiroboto alirudia, kwa uso wa mtu aliyeko ibadani.

Ikawa ndiyo elimu mpya ya bendi. Mjomba alimfundisha mpiga tromboni, alimfundisha mpiga ngoma ambaye hana cha kupuliza, aliwafundisha wateja waliokuja kuulizia friji zao. "Iwaze tu noti. Iwaze, uiachie mlango wazi." Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutenda asemayo, alizidi kutolazimisha. Kwenye onyesho la sokoni mashavu yake yalituna kidogo tu. Kwenye la uwanjani, la mwisho kabla ya kurekodi, alifika juu akipuliza kama mtu anayepoza chai. Kadiri alivyolegeza, ndivyo Kiroboto alivyokaza. Noti ikazidi kuwa ndefu, ikazidi kung'aa, mpaka fundi baiskeli wa kona akawa anaipiga mbinja asubuhi nzima. Kiroboto, ambaye kwa kawaida hukatiza pale kwa mbio, alianza kupita taratibu.

Siku ya kurekodi ukumbi wa mikutano uligeuzwa kaburi la sauti. Blanketi zilitundikwa madirishani. Saa ya ukutani ilishushwa kwa kosa la kugonga. Mpiga ngoma alivuliwa viatu na kuapishwa kwamba atahesabu kimoyomoyo. Aliyetawala yote hayo alikuwa fundi sauti, dada mmoja mwembamba mwenye hedifoni shingoni, asiyesema maneno mengi.

Walirekodi nyimbo zote, na mwishoni ule wa mjomba: sehemu ya bendi kwanza, wakiruka sehemu yake. Kisha dada akasema: "Sasa tarumbeta peke yake. Naitaka safi, bila hata mtu kumeza mate. Wote mtoke, abaki mzee."

"Mzee ni baba yako," mjomba alijibu.

"Shikamoo basi, kijana."

Watu walicheka wakibeba vyombo vyao kwenda kwenye korido. Kiroboto hakucheka. Alimwona mjomba akipangusa mdomo wa tarumbeta kwa leso, ametulia, anatabasamu. Kama mtu anayengoja mgeni ambaye hajawahi kukosa kufika.

Kando ya jukwaa kulikuwa na kabati refu la mifagio. Kiroboto akajitia kufunga kamba ya kiatu mpaka korido ikameza watu wote isipokuwa Mama Mikate na tuba yake, ambao huchukua muda kupita mlangoni.

"Mbio za sakafuni," Mama Mikate alinong'ona.

"Huishia ukingoni, najua. Nisaidie kuusukuma mlango."

"Mlango wako, sukuma mwenyewe."

Kabatini mlinuka matambara mabichi. Ndoo ilimkaba goti, ufagio ukamlalia begani kama rafiki aliyelewa. Kupitia ufa aliona kipande tu cha mgongo wa mjomba. Dada akainua mkono. Mjomba akapanda ngazi yake, taratibu, vizuri, pengine vizuri kuliko siku zote, akafika juu, akaiwaza noti.

Noti ikatoka kabatini.

Dada akavua hedifoni upande mmoja.

"Nzuri sana," alisema. "Ila, samahani, maiki iliyo mbele yako imenasa pumzi tu. Noti imenaswa na ile ya kule pembeni. Hebu rudia."

"Vyombo vyako vina hitilafu, binti. Mimi ni fundi, najua vyombo."

"Huenda. Rudia."

Mwenye akili timamu angekaa kimya. Kiroboto akapiga hesabu zake gizani: akinyamaza, mjomba ataaibika, asiponyamaza, atakamatwa. Basi afadhali kukamatwa. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mjomba akawa ameanza kupanda tena, na midomo yake ikawa imeshajipanga yenyewe.

Dada alikuwa amevua viatu. Aliteleza na soksi zake mpaka kando ya jukwaa, akakamata kitasa, na noti ilipotoka akafungua.

Kiroboto alikuwa amefumba macho. Ufagio begani, mguu mmoja ndani ya ndoo, alikuwa ameishika noti ile na hakuwa na haraka ya kuiachia. Mwanga ulimwangukia usoni naye akaendelea. Alipofumbua macho hatimaye, dada yuko mbele yake, na nyuma ya dada, tarumbeta ikiwa imeshushwa mpaka kiunoni, mjomba.

Mlango wa korido ulikuwa umefunguka, vichwa vimejaa. Kicheko kikapasuka. Mpiga tromboni alilazimika kuketi chini.

"Kiroboto!" kiongozi wa bendi alifoka, akitetemesha fimbo. "Hata leo! Hata siku ya leo, unamchezea mjomba wako!"

"Si mchezo," Kiroboto alisema, lakini nani humsadiki fisi akisema alikuwa analinda mbuzi?

Mjomba alikuwa hajacheka. Aliinua kiganja, wakanyamaza. Akarudi mbele ya maiki, akamwambia dada, "Washa tena," akapanda. Juu kabisa, fyuuu. Akapangusa midomo, akapanda tena, safari hii mashavu yametuna na shingo imetoka mishipa. Fyuuu. Hakuna aliyecheka.

"Ushushe wimbo," alimwambia kiongozi kwa upole. "Kiasi chochote unachotaka."

Kisha akavuta kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya kabati, akaketi.

"Kule hospitali?"

"Ni mimi, mjomba."

"Sokoni?"

"Mimi."

"Uwanjani, watu wote wale."

"Mimi."

Mama Mikate, mlangoni, alikuwa anaangalia viatu vyake. Mjomba aligeuza tarumbeta mapajani, akabonyeza vali zake moja moja bila kupuliza.

"Sina hasira. Mtu akikuona unaanguka akakudaka, utamkasirikia vipi? Nataka kujua jambo moja tu. Hospitali, ulinisubiri kwanza nishindwe, ndipo ukapuliza?"

"Nilisubiri. Nilisikia pumzi kwanza."

"Na sokoni?"

Bweni lina sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: ukikamatwa na mkate mmoja, ungama mmoja. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Angesema "nilisubiri" na jambo lingekwisha, kila mtu angemwona binti mwenye huruma, pengine hata adhabu ya matangazo ingefutwa. Kiroboto aliutoa mguu kwenye ndoo. Alimtazama mjomba wake na meno yake mapya, na mjomba akamtazama kama alivyozoea kutazama friji, bila lawama, anatafuta tu ilipo hitilafu.

"Sokoni sikusubiri," alisema. "Wala uwanjani. Nilianza pamoja na wewe, uwanjani nilianza hata kabla. Pengine ungeipata, mjomba. Pengine mdomo ungeyazoea meno. Sijui, kwa sababu sikukuachia nafasi ya kujaribu." "Wakipiga makofi, nilikuwa nakaa pale nyuma ya tuba najiambia ni yangu. Niliipenda noti ile. Hata sasa hivi, humu kabatini, sikuwa nakuwaza wewe."