Bolti Nyekundu ya Harmen

Wiebe Hoekstra alipoyafunua yale mashuka mawili ya maua, alisahau hata kumshukuru mwenye nyumba. Alikuwa ameusaka mtambo huu kwa miaka sita: kabati la chuma la kimo cha mashine ya kufulia, zito kilo mia moja na tisini, la kusomea diski pana kama sinia. Chama chao cha kompyuta kongwe kule Drachten kilikuwa na diski arobaini za namna hiyo na hakikuwa na cha kuzisomea. Huu hapa, mzima, katika banda ambalo zamani lilikuwa la ng'ombe.

Bi Tjitske Bouma alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Marehemu mumewe, Harmen, ndiye aliyeuhudumia mtambo huo katika kiwanda cha maziwa. Kiwanda kilipofungwa aliagizwa auuze kama chuma chakavu. Yeye akaupakia kwenye tela la viazi na kuuleta nyumbani. Sasa mjane alikuwa anautoa bure, kwa sharti moja tu.

"Sitaki uwe pambo," alisema. "Nataka uzunguke tena."

"Itakuwa sawa, mama."

Neno lake hilo. Wenzake chamani walimtania kwamba litaandikwa kwenye kaburi lake.

Wiebe na Douwe, dereva wa lori, waliupandisha mtambo kwenye paleti na kuufunga mikanda minne. Kisha wakaitwa jikoni kunywa kahawa. Kila mmoja alipewa biskuti moja, na kopo la biskuti likafunikwa, kama ilivyo ada ya huko.

"Vichwa umeshavifunga?" Bi Tjitske akauliza.

Wiebe alitabasamu, hakutegemea swali hilo kutoka kwake. Vichwa vya kusomea huelea juu ya diski kwa nafasi isiyofikia unene wa unywele, na safarini hukazwa kwa bolti iliyopakwa rangi nyekundu. Mtambo ukishafika, bolti hutolewa na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati ingoje safari nyingine. Wiebe alikuwa ametazama mlangoni akakuta alama ya gundi kavu tu. Alieleza kwamba hakuna neno, atavibana kwa sponji.

Bi Tjitske akaweka kikombe chini. "Harmen aliniambia atakuja mtu wa sponji."

Masikio ya Wiebe yakawaka moto. Alikumbuka mtambo waliouchukua mjini Zwolle, miaka minne nyuma. Aliubana kwa sponji vilevile, ukafika umejikwaruza, haufai tena. Kwenye mkutano wa chama alisema dereva alifunga breki vibaya. Walimwamini, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu, na dereva hakujitetea.

Dereva mwenyewe alikuwa ameketi pale, anachovya biskuti yake.

"Douwe," Wiebe akasema, "ile ya Zwolle haikuwa breki zako. Ilikuwa sponji yangu."

Douwe alitafuna mpaka akamaliza. "Miaka minne naendesha kama nimebeba mayai," akasema. "Mke wangu hataki hata kupanda gari langu. Ungesema mapema, bwana mtaalamu."

Wiebe aliona aibu kweli.

Bi Tjitske alikuwa ameshaweka funguo zake mezani. Katikati yake ilikuwamo bolti nene, nyekundu ndani ya mifuo yake tu; kwingine rangi ilikuwa imeliwa na mfuko wa suruali ya Harmen. Aliipekecha kwenye kipete cha funguo kwa kucha, kipete kikagoma, Wiebe akanyoosha mkono kumsaidia.

"Acha," mjane alisema. Akaendelea mpaka ikatoka.

Waliporudi kwenye mtambo, bolti iliingia tunduni mwake na kukaza barabara. Wiebe alifunga kabati, akalitikisa mara mbili, ndani kukawa kimya. Alitaka kusema neno lake lile, akaliacha.

"Mtambo ukizunguka nitakupigia simu uusikie," alisema. "Na bolti nitaileta mwenyewe."

Lori lilipotoka uani, Wiebe alimwona Bi Tjitske kwenye kioo: amesimama mbele ya mlango wake, akipapasa funguo moja baada ya nyingine, bila ile bolti hajui tena ipi ni ipi.

Walipoingia barabara kuu, Douwe alimtupia jicho.

"Nikanyage?"

Wiebe alisikiliza nyuma kidogo.

"Kanyaga."