Uso wa Mukwe Huko Juu

Tangu mji wa Goma uanguke vitani, Mama Brigitte hakuweza kukaa. Alikaa, akainuka, akafagia mahali alipokwisha kufagia, akaenda kusimama ukingoni mwa uwanja wa ndege kutazama mawingu. Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha shamba la zamani nje ya Lubumbashi, kwenye barabara ya Kasumbalesa inayokwenda mpaka wa Zambia, udongo mwekundu ulioshindiliwa, na vichuguu pande zote. Ndege ilikuwa moja tu. Mwenye ndege, mtu wa migodi aliyekuwa akikaa mtaa wa Golf, alikuwa amekwisha kufunga nyumba na kuvuka Zambia na watoto wake. Alituma neno kwa rubani Paulin: Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe, ndege imfuate.

Na mwanafunzi wa kuruka alibaki mmoja. Jérémie, kijana wa Butembo, alikuja Lubumbashi kuuza kwa jumla maharagi ya wajomba zake. Siku moja, akipita na pikipiki, aliona watu wakishuka kutoka mbinguni, akasimama, na tangu hapo akawa wa kuja kila wiki. Mama Brigitte ndiye aliyemfundisha. Yeye alijifunza kuruka zamani, jeshini, nchi ingali Zaire. Nguo ya mabawa alikuja kuonyeshwa na yule wa Golf. Ni nguo iliyoshonwa kuunga mkono na ubavu, mguu na mguu, na anayeivaa haanguki kama jiwe. Anakwenda mbele kama mwewe, mpaka pale anapofungua parashuti.

Kwa tumbo, Jérémie aliruka vizuri. Kilichobaki kilikuwa kuruka kwa mgongo, uso juu, dunia nyuma ya kisogo. Pale uwanjani hakuna aliyekijua isipokuwa Brigitte, na magoti ya Brigitte yalikuwa yakilia kila akitua. Alitaka amwachie mtu kitu hicho kabla ndege haijaondoka. Usiku na mchana alikuwa na wazo hilo tu, kama punje ya mchanga katika jicho.

Kuruka kwa mgongo kunafundishwa hivi. Mwalimu anakwenda juu, tumbo chini. Mwanafunzi anakwenda chini yake, mgongo chini, karibu karibu, hata wangeweza kupeana mkono. Mwanafunzi haoni mto wala barabara ya kumwonyesha anakokwenda. Macho yake yana kitu kimoja cha kushika, nacho ni uso wa mwalimu. Uso ukitulia, naye anatulia.

Hapo ndipo palipoharibika. Maana Jérémie, katika kujifunza kuruka, alijifunza pia njia ya kwenda Kenya, mtaa wa Lubumbashi, kwenye nyumba ya Brigitte, alikokuwa binti yake Graciella. Mwezi wa kumi na mbili wajomba walifika kutoka Butembo, wakabisha hodi, wakaweka zawadi ya kwanza juu ya meza. Tangu siku ile kijana hakuwa mwanafunzi tena. Alikuwa mukwe. Na kwa watu wa Brigitte, wale wa kaskazini ya Katanga walioletwa na reli, mama hamtazami usoni mume wa binti yake, haongei naye mdomo kwa mdomo, wala hali naye sahani moja, mpaka wakubwa wa kijana walete mbuzi wa kuondoa haya. Wajomba walirudi Butembo kutafuta vya kumalizia mahari. Vita vikashuka nyuma yao, na simu zikaanza kulia bila kupokewa.

Brigitte alikwenda kwa Ba Stanislas, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, kuuliza kama njia nyingine haiko. Mzee alikuwa akinyoosha shati lake la misa. Hakuinua kichwa.

"Franga zinatumwa na simu," alisema. "Haya haitoke na simu."

Basi wakafundishana vile vile, na Graciella akawa mdomo wao. Jérémie alilala chali juu ya gunia la makaa, mikono wazi, na Brigitte akasimama amempa mgongo.

"Graciella, ambia mukwe yangu asikaze shingo sawa kuku ya ku soko."

"Mama anasema usikaze shingo."

"Nimesikia," Jérémie alisema. "Mama iko hapa hapa."

"Anasema amesikia."

Ndani ya ndege Graciella hakuwapo, kwa hiyo Brigitte alisema na kiti cha rubani. Aliambia kiti kwamba mukwe akianza kuzunguka afunge mabawa, ajikunje, ageuke tumbo, halafu ndipo afikiri mambo mengine. Paulin aliuliza kama yeye ni rubani au ni katekista, lakini alipitisha maneno.

Mara ya kwanza Jérémie alishika kidogo, kisha bega la kushoto likazama, akazunguka kama jani. Alijikunja, akageuka, akafungua. Mara ya pili ikawa vile vile, kushoto tena. Mara ya tatu alizunguka kwa muda mrefu, na Brigitte akiwa juu yake aliona ardhi inakuja na kijana hafungi mabawa. Alifungua chini sana. Walimkuta ng'ambo ya vichuguu, katikati ya mahindi ya watu, anakunja parashuti yake na kuuliza kama mafuta yanatosha kupanda tena.

Brigitte hakupenda swali hilo. Mtu aliyeponea chupuchupu anaomba kwanza maji.

Alirudi nyumbani akaanza kusonga bukari, ugali wa huko, akaacha mwiko ndani ya sufuria. Alimwita Graciella, akamlaza juu ya mkeka uani, akamwinamia kwa mikono iliyopanuliwa ili aone kosa liko wapi. Bega lilikuwa sawa, miguu ilikuwa sawa.

"Sasa fanya sawa we njo Jérémie," alisema.

Graciella akapanua mikono, akakunja uso kama mchumba wake. Halafu akacheka.

"Mama, juu ya nini unaangalia kule?"

"Kule wapi?"

"Kule, kushoto yangu. Ku choo ya jirani."

Brigitte alibaki ameinama. Shingo ilikuwa imegeuka yenyewe, kwa kuitwa tu jina la mukwe, na yeye hakuwa na habari. Huko juu alivaa miwani myeusi akidhani macho yamefichika, lakini kichwa kinachogeuka hakina miwani ya kukificha. Kijana alikuwa akifuata uso, kama alivyofundishwa. Uso ulikuwa unamkimbia, naye akaufuata mpaka akaanguka.

Bukari ikaungua. Walikula hivyo hivyo.

Ijumaa asubuhi mbingu ilifunguka. Brigitte alifika uwanjani mapema na kumwambia Graciella apeleke neno: leo hakuna kuruka, mvua inakuja. Graciella alitazama juu, akaona bluu tupu, akapeleka neno. Jérémie alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampita pembeni, jambo ambalo hakulifanya tangu mwezi wa kumi na mbili, akaja kusimama nyuma ya Brigitte aliyekuwa ameelekea ukuta wa hangari.

"Mama," alisema. "Mbuzi haitakuja. Bajomba yangu sijui hata kama bako. Kule juu sina kingine cha kushika. Uniangalie, ao tubaki chini."

Graciella aliweka mkono mdomoni. Paulin, aliyekuwa akimimina mafuta, aliacha kumimina. Brigitte alihisi haya inampanda kama maji ya moto, kuanzia vidole vya miguu. Akiangalia, nyumba ya mume wake itasema amevua nguo mbele ya mukwe, na huenda Ba Stanislas akavunja ndoa ya mtoto wake. Akikataa, kijana huyu atakwenda kutafuta mahali pengine pa kujiangusha. Aliutazama ukuta, kutu yake, misumari yake.

"Ambia mukwe yangu avae," aliuambia ukuta.

Waliruka juu ya mstari wa malori yanayongoja kuvuka mpaka. Jérémie alitoka, akageuka mgongo chini, akapanua mabawa. Brigitte akaja juu yake. Miwani aliyovaa leo ilikuwa ya kioo cheupe, kinachoonyesha macho. Shingo ilivutwa pembeni kama imefungwa kamba, naye akaishikilia mbele, akamtazama.

Kwanza hakumjua. Mashavu yalikuwa yamekwenda, na macho yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Majuma yote haya aliyaagiza mabega na miguu ya kijana, na hakujua kwamba juu ya mabega hayo kuna uso wa namna hii. Bega la kushoto lilitetemeka. Yeye hakuondoa macho. Bega likarudi. Wakaenda, wakaenda, yeye akiona nchi nzima na kijana akimwona yeye tu.

Kengele ndogo ililia ndani ya kofia: wakati wa kugeuka. Brigitte alitoa ishara. Jérémie hakugeuka. Alikuwa ametulia kabisa, anamtazama, kama mtu aliyepata mahali pa kulala. Brigitte akatikisa kichwa polepole, kama mama anavyokatalia mtoto kitu. Hapana. Si hapa. Kijana akapepesa macho, akashusha bega kwa kupenda kwake, akageuka. Parashuti yake ilifunguka kwanza, halafu ya mama.

Alipotua Brigitte hakukunja kitu. Aliacha kitambaa kinaburutika juu ya udongo, akampita Graciella aliyekuja mbio, akasimama mbele ya Jérémie.

"Ulikula lini?"

Graciella alifungua mdomo apitishe swali, akaufunga. Sasa Jérémie ndiye aliyetazama chini.

"Sikumbuke, Mama. Kaka yangu mukubwa, kule kwetu, hajaonekana tangu barabara ifungwe na vita. Nikiweka chakula mu kinywa, haishuke."

"Itashuka. Kuya."

Kando ya hangari kulikuwa na bukari ya Paulin na samaki wa bitoyo, waliokaushwa na chumvi, ndani ya bakuli moja. Paulin alisema hakuwa na njaa, ambayo haikuwa kweli. Graciella aliuliza kwa sauti ndogo, na Ba Stanislas je?

"Nitaenda kwake leo leo, mi mwenyewe, kabla bantu bengine hawajafika," alisema Brigitte. "Akivunja, avunje akiniangalia."

Alinawa. Akakata tonge, akala, akangoja. Jérémie hakugusa kitu. Basi Brigitte akachagua kipande kisicho na miiba mingi, akakiweka mbele ya mukwe wake kwa mkono wake mwenyewe, akakaa kumtazama hadi alipomeza.