Goli la Radi

Twahiru, fundi cherehani wa Nyakabanda, alikuwa na adui mmoja tu duniani: mtaro uliopita mbele ya kibanda chake. Mvua ikinyesha, mtaro ulijaa takataka ukatapika, na maji mekundu yakaingia ndani bila hodi. Ramadhani iliyopita yalizikuta kanzu za Idi zimepangwa mkekani. Wenyewe walizichukua zikiwa na rangi ya matofali, na kila mmoja akamwambia, kwa upole unaouma kuliko matusi, kwamba yakitokea tena atatafuta fundi mwingine, hata kama ni kwenda mpaka mtaa wa mbali wa Kabeza.

Kwa hiyo uchaguzi wa mkuu wa kamati ya seli, yaani ya mtaa wao, ulipotangazwa, mwanzoni mwa mwaka themanini na nane, Twahiru alijua wa kumchagua kabla hajaulizwa. Mukarugwiza, jirani yake muuza makaa, alikuwa na mpango. Jumamosi za umuganda, zile za kazi ya pamoja, watu waache kufyeka majani yasiyomkera mtu, wauchimbe mtaro na kuujengea mawe mpaka chini bondeni. Mawe alikwisha kuyapata. Aliyaeleza yote vizuri, ila alieleza kama mtu anayetaja bei ya gunia.

Mpinzani wake alikuwa Nsengiyumva, ingawa jina hilo alilitumia mama yake tu. Mtaa mzima ulimwita Radi, kwa sababu zamani, siku ya fainali, alipiga shuti kutoka mbali likaingia. Mpango hakuwa nao. Alikuwa na goli. Na goli lenyewe, jamani, lilikuwa bado linakua: mwanzo lilipigwa nje kidogo ya boksi, baadaye katikati ya uwanja, na mwaka huo wa uchaguzi lilikuwa linakaribia kupigwa kutoka sokoni.

Siku zile kibanda cha Twahiru kiligeuka bunge. Mashabiki wa Radi walisimulia goli tangu asubuhi. Cha kuchekesha, hata waliompinga hawakutaja mtaro. Walisema goli lilikuwa la kuotea! Wakashikana mashati juu ya mpira uliopigwa watoto wao hawajazaliwa.

"Na mtaro je?" aliuliza Nyiraneza, mke wa Twahiru, akishona vifungo vya nguo za watu.

"Mama, mtaro iko pale pale, haikimbie," akajibu mmoja. "Ngoja kwanza tumalize hii ya kuotea."

Siku ya kura watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule, kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Twahiru alikuwa nyuma ya Mukarugwiza, mkewe mbele yake, na mstari wao ulikuwa mrefu kuliko walivyotarajia. Ndipo Radi akaja, amechelewa, akapita akishika mikono ya watu. Akasimama ghafla.

"Fundi Twahiru! Ile bukta ya fainali, si wewe ulinishonea? Basi goli ile tulifunga sisi wawili!"

Bukta hakuishona, aliitia lastiki tu. Lakini watu wote waligeuka kumtazama, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumtazama hivyo. Alifurahi mpaka masikio yakawaka moto. Miguu ikatoka mstarini.

Nyiraneza akamdaka mkono wa kanzu. "Baba Zubeda, unaenda wapi?"

"Naja sasa hivi," akasema, na hakurudi. Wengine walimfuata, maana naye alikuwa mtu wa kuaminika.

Radi alishinda. Jumamosi za umuganda zikatumika kusawazisha kiwanja cha mpira.

Katikati ya Ramadhani mvua ikamwagika. Maji yakaingia, yakazoa vitambaa vya Idi vya wateja, na Twahiru akachota kwa ndoo, Nyiraneza kwa sufuria. Watu walikuwa wamejaa barazani kutazama, Radi alipotokea mbio. Akakunja suruali, akampokonya Twahiru ndoo, akachota mara moja, akachota mara ya pili.

Mtaa ukalipuka. "Mnaona? Mkuu gani mwingine anaweza kushika ndoo?" Wakambeba juujuu na ndoo yake mkononi, wakapanda naye kilima wakiimba, wamelowa, wana furaha isiyo kifani. Twahiru, maji magotini, alisimama mlangoni akipiga makofi. Alipiga kwa moyo wake wote.

Nyiraneza alimtazama mpaka viganja vikanyamaza.

"Baba Zubeda," akasema, "ndoo yetu wamekwenda nayo."

Nyuma yake pedeli ya cherehani ilikwisha kuzama. Aibu ikampanda Twahiru. Basi akavua kofia aliyoidarizi kwa mkono wake, akainama karibu na mkewe, akaanza kuchota nayo.