Mkungu Alioumenya Anonciata

Kila tarehe ya kesi Anonciata alikuwa wa kwanza kufika kwenye baraza la mahakama, na Wakili Ambrose alikuwa wa mwisho. Siku hiyo alishuka kwenye bodaboda akiwa na joho begani na mafaili kwapani. Akawapitia wateja wengine, akimwambia kila mmoja maneno yale yale, ndipo akamfikia.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye wa mbuzi?"

"Marahaba. Wa mbuzi yule pale. Mimi wa mkungu wa ndizi."

"Ahaa, mkungu." Akafungua faili amesimama. "Sasa mama, leo ukiri kosa. Nitakuombea huruma, hakimu akuachie kwa onyo. Jioni uko zako Songambele unapalilia maharage."

Hivyo ndivyo alivyotetea watu: kiri, omba huruma, nenda nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Wateja walikuwa wengi, siku fupi, na anayekiri hahitaji kuulizwa maswali.

"Nikikiri kuwa nimeiba," Anonciata akasema, "kibanja kitakuwa cha nani?"

 Kibanja hicho, shamba la migomba, aliachiwa na marehemu mumewe, Kamugisha. Shemeji yake, Gideon, alikitaka, na kwa kuwa wazazi wa Anonciata walitokea Rwanda, akatangaza kijijini kwamba mtu wa kuja hana migomba. Anonciata alipokata mkungu kwenye mgomba alioupanda mwenyewe, shemeji akamwitia polisi. Alilala mahabusu, akatoka kwa dhamana yenye sharti la kutokanyaga kibanja. Tangu hapo anawanunulia wanawe ndizi sokoni Kaisho, na zake zinaivia mgombani, zinaliwa na ndege. 

Ndani, Anonciata hakukiri, na koplo aliyemkamata alitoa ushahidi kwa sauti kubwa: mshtakiwa alikutwa na mkungu, na mkungu umehifadhiwa kituoni kama kielelezo. Mwendesha mashtaka akaomba kesi iahirishwe ili kielelezo kiletwe.

"Hatuna pingamizi," alisema Ambrose, mkono wake tayari uko kwenye faili la mbuzi.

Anonciata akainama kutoka kizimbani, akamvuta joho.

"Watauleta kutoka wapi? Waliula."

"Nani?"

"Koplo na wenzake. Walinitoa mahabusu niwamenyee. Niliumenya wote, wakaupika na maharage."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza lini?"

Ambrose aliona aibu, kisha akaona hasira. Akafunga faili la mbuzi, akasimama.

"Mheshimiwa, naondoa kauli yangu. Naomba kumuuliza shahidi. Koplo, mkungu uko wapi?"

"Uko stoo."

"Miezi yote hii?"

"Umekauka kidogo."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

"Koplo, nani aliumenya?" Ambrose akaendelea.

"Aliumenya mwenyewe, mheshimiwa! Hatukumlazimisha!"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya koplo haikufika hata mlangoni. Mtu mwenye akili zake angedhani kesi imefia hapo. Lakini hakimu aliandika, akaandika tena, kisha bila kuinua kichwa akaiahirisha hadi mwezi ujao ili upande wa mashtaka ujipange. Masharti ya dhamana yaendelee.

Nje, Ambrose alivua joho.

"Tarehe hiyo nitakuja mapema, tukae, unieleze yote tangu mwanzo. Siwaachii hawa. Ila kisheria, mama, usikanyage kile kibanja."

"Nimekusikia, wakili."

Alikuwa amemsikia vizuri. Alipofika nyumbani alichukua panga, akaingia kibanjani jua likiwa bado kali, akachagua mkungu mkubwa kuliko yote, akaukata. Akauweka kichwani juu ya ngata. Kulikuwa na njia ya mkato nyuma ya migomba, lakini yeye alishika barabara kuu inayopita mbele ya ua wa Gideon.

Gideon aliruka kutoka kwenye kiti.

"Shemeji! Umechoka kukaa nje? Naita polisi sasa hivi!"

Anonciata hakupunguza mwendo.

"Waite. Ila waambie waje wameshiba. Huu nawamenyea wanangu."