Harufu ya Marehemu Mama

Mama alirudi nyumbani kwangu Chamazi mwaka mmoja baada ya kumzika. Sikumwona, nilimnusa. Kila alfajiri mto wangu ulinuka kinywa chake, ile harufu ya damu iliyolala aliyokuwa akiifunika kwa karafuu shavuni. Karafuu haikuwepo, ilibaki harufu yenyewe.

Nilifukiza ubani, nikaanika godoro, nikabadilisha foronya. Wapi! Mume wangu Twalib akahamia kwenye kochi la sebuleni, akidai chumbani joto. Joto la mwezi wa saba! Niliogopa, na hasira nazo zikanishika. Mama gani huyu anayemfukuza mkwewe kitandani?

Nilipomweleza shangazi Mwanaheri, aligeuza uso pembeni. "Msomee hitima, mwanangu. Pengine anataka dua."

Tukasoma hitima, majirani wakala pilau. Nilipouma mnofu wa nyama, jino langu la chini likacheza. Halikuuma hata kidogo. Ndipo nikaenda kwa daktari wa meno.

"Ufizi ulianza kutoka damu lini?" akauliza.

"Zamani. Tangu mimba ya mwanangu Nusaiba."

"Ukafanyaje?"

"Nikaacha kupapiga mswaki. Marehemu mama alinifundishaga, penye damu hapaguswi."

Daktari akashusha barakoa. Akaniambia uchafu niliouacha pale uliganda ukawa mgumu kama ukoko wa sufuria. Ufizi ukavimba, ukaachana na jino, na humo katikati ugonjwa ukawa unakula mfupa kimya kimya. Jino lile halikuwa tena na pa kujishikiza, ilibidi ling'olewe. Mengine yangesalia, nikisafishwa na nikipiga mswaki hapo hapo penye damu.

"Na harufu ya kinywa cha marehemu mama ninayoinusa kwenye mto wangu kila alfajiri?"

"Ni ya kwako, dada."

Nililia njia nzima. Mama wa watu alikuwa kalala kaburini, mie namfukizia ubani aondoke. Na Twalib alijua, shangazi alijua. Walinisitiri, Mungu awasamehe, mpaka jino likang'oka.

Jioni nilisimama bombani uani na mswaki mpya, nikasugua, povu likawa jekundu. Nusaiba, mtoto wa miaka kumi na miwili, akanidaka mkono kwa woga.

"Mama, acha! Penye damu hapaguswi!"

"Nani kakwambia?"

"Si wewe!"

Nikauweka mswaki chini. "Hebu achama."

Akaachama. Nikainama nimtazame fizi, na kabla sijaona chochote, nikamnusa mama.