Samli Chini ya Bati

Oktoba ile ya mwaka elfu mbili na kumi na tatu, jua la bonde la Momba lilikuja juu ya watu kama mgambo aliyetumwa na mkubwa wake. Ikifika saa nne tu, mabati yalianza kualika, ta, ta, yakitanuka kwenye misumari, na Miriamu alijua kwamba mtoto wake wa siku tisa atafumbua mdomo kama kinda, na titi hatalitaka.

Alikuwa amemzaa kwa miezi saba. Nesi Tupokigwe wa zahanati alimfungia mtoto kifuani kwa kanga, akamwonya juu ya vumbi na moshi, na juu ya joto akamwonya mara mbili. Kama hadi Jumapili bado anakataa kunyonya, alisema, wasimrudishe kwake, wampeleke hospitali ya Tunduma. Njia wanaijua wenyewe. Ilikuwa Jumatano. Na njia ile, kwa kitoto kinacholingana na kibuyu cha maziwa, Miriamu aliijua vizuri mno, vumbi na jua mwanzo hadi mwisho.

Mtu atauliza, wafugaji wa Kisukuma walijiwekaje ndani ya jiko la bati? Na aulize. Awaulize waliokuja na gari jeupe, wakasimama kivulini, wakatangaza kwamba nyumba ya nyasi ni aibu na isionekane baada ya kiangazi. Mabula, mume wa Miriamu, aliuza maksai, akaleta mabati mepesi yale ambayo soko huria limetujazia mpakani, akaibomoa nyumba ya nyasi kwa mikono yake. Waliotoa amri hawajalala chini ya bati hilo hata mchana mmoja.

Mama yake Mabula, Bibi Nyamizi, alitazama paa likishuka, akasema, "Sabini na nne walinichomea nyumba ili nihamie kijijini. Safari hii tumebomoa wenyewe. Wamebana matumizi ya kiberiti."

Kurudishia nyasi juu ya bati haikuwezekana. Nyasi za kuezekea hukatwa mwezi wa sita, na moto wa Oktoba ulikuwa umekwisha kula bonde lote. Mabula akapanda bodaboda hadi Tunduma kutafuta kitu cha kuzuia joto. Akarudi jioni na kipande cha pamba ya kioo, ya manjano, alichopewa na mfanyabiashara Abdulwahab kama mfano. Abdulwahab alimwambia kwamba ndiyo inayowekwa kwenye malori ya samaki wa barafu. Mabula aliishika kwa heshima. Kitu kilichovuka mpaka, kwake, lazima kiwe na akili.

Bibi Nyamizi yeye alitaka pumba za mpunga, zile zinazotupwa kilima kizima nyuma ya mashine ya kukoboa na kuchomwa moto. Mabula akacheka. Majirani wangesema anakaa nyumba ya pumba kama kuku wa kulalia.

"Baba Shani," Miriamu akamwambia mumewe, "wewe unachagua kwa macho. Tuiulize samli."

Samli, kwa mama wa Kisukuma, haidanganyi. Ndiyo humwambia aweke kibuyu wapi na akihamishe lini. Alhamisi asubuhi, ikiwa bado imeganda, Miriamu akachota madonge manne sawasawa, akayatia kwenye makopo manne. Yote aliyapanga uani chini ya bati moja lililobaki. Kopo la kwanza aliliacha hivyo hivyo. La pili alilifunika kwa kipande cha godoro, la tatu kwa pamba ya kioo, la nne kwa kiroba cha pumba, unene wa shibiri moja. Kisha akakaa na mtoto kifuani, akimdondoshea maziwa kwa kijiko.

Saa nane wakafunua. Samli ya kwanza ilikuwa maji matupu. Ya chini ya godoro ilikuwa vipande vinavyoelea ndani ya maji yake. Ya chini ya pamba ya kioo ilisimama, imelegea kidogo tu, na Mabula akavimba kifua. Lakini mikono ya Miriamu iliyoikata pamba ile ilikuwa imetoka vipele, inawasha kama upupu, na alipowaza unga wake wa kioo ukimdondokea mtoto puani, akaisukuma mbali.

Akafunua la nne. Donge lilikuwa na alama za vidole vyake vya asubuhi, mistari yote, kama limetoka mkononi sasa hivi. Mabula akaligusa, akagusa bati juu yake, akarudisha mkono haraka, kisha akaligusa tena.

"Lo," akasema polepole. "Na hizi tunazichoma."

Ijumaa nzima wakasomba. Walichanganya pumba na majivu ili mchwa na panya wazichukie, wakashona viroba, wakavipanga juu ya fito chini ya paa, bega kwa bega. Chini yake Bibi Nyamizi akafunga mikeka, akaikandika kwa udongo na samadi kama kinavyokandikwa kihenge cha mtama. Jirani aliyepita akauliza kama nao wataanza kutaga. Bibi akamjibu kwamba wakitaga, jirani huyo hali yai.

Jumamosi, saa nane, Miriamu aliingia na mtoto. Akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Nje mabati yalikuwa yanaalika, na ndani hewa ilikuwa imetulia, ina ubaridi kama wa ukingo wa mto. Akaweka kigoda, akapanda, akasogeza mkeka wa pembeni uliokuwa haujakandikwa, akapenyeza mkono kati ya viroba hadi juu. Ncha za vidole ziliungua. Kiwiko kilikuwa baridi. Jua zima la Momba, lililowashinda mabwana wa gari jeupe na maksai wa Mabula, lilikuwa limekwama hapo, kati ya kiwiko chake na vidole, kwenye takataka za mpunga.

Akabaki juu ya kigoda, mkono darini, machozi yakimtoka bila sababu ya huzuni.

Kifuani kitu kikajisogeza. Mtoto aligeuza kichwa, akatafuta, akashika titi. Akavuta mara moja, akapumzika, akavuta tena, safari hii kwa nguvu hadi ikamuuma mama yake. Miriamu hakuthubutu kushuka.

"Mayu," akamwita mkwewe kwa sauti ya chini. "Njoo usikie anavyomeza."