Waya wa Shaba Kwenye Mashine ya Kukaushia

Ulipita pale Jumanne. Usiniambie hukuona. Mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa wazi, harufu ya nyuzi zinazoungua imejaa ukumbi mzima, ukajitia kutafuta kitu mfukoni, ukaenda zako.

Mimi ni fundi umeme. Shule yangu ni kufungua vitu vilivyokufa nikaona vilikufaje. Ndani ya mashine ile ya kukaushia mashuka kuna swichi ya kikomo, ndogo kama kifungo cha koti. Ina kibati kilichobonyea. Joto likipita kiwango, kibati kinabinuka upande wa pili, ncha za umeme zinaachana, hita inazima. Ikipoa, unabonyeza kitufe, kazi inaendelea. Haijui kingine. Haijui msimamizi anataka mashuka mangapi.

Ilikuwa inakata mara sita kwa zamu. Haikuwa mbovu. Bomba la kutolea hewa lilijaa nyuzinyuzi za nguo. Nikamwomba msimamizi siku moja tu tuizime mashine, tulisafishe.

"Fundi, kwako kila kitu mgomo," akasema.

Akaita fundi mwingine, huyo akaunga waya wa shaba, umeme ukawa unairuka swichi. Wa muda tu, walisema, mpaka Jumatatu. Zimepita Jumatatu arobaini na moja.

Aliyeendesha mashine ile ni mdogo wangu, dada yangu wa mwisho. Jumanne iliyopita niliuchomoa waya mbele yake.

"Kaka, ikikata, ninayesemwa mbele za watu ni mimi."

"Heri usemwe kuliko uungue."

"Haya, ameanza. Hapa si mkutanoni." Akanichapa begani kwa taulo. "Nenda ukale, mzee wa hotuba."

Nikaenda kula. Akaurudisha waya yeye mwenyewe, akaukaza kwa koleo langu nililolisahau juu ya mashine.

Sahani ilikuwa nusu waliponiita. Mashuka yalishika moto ndani ya pipa la mashine, naye alifungua mlango ayaokoe, asije akaambiwa ameyaunguza. Mikono yote miwili, mpaka viwikoni. Nikakata umeme, nikammwagia maji, nikakaa chini kusubiri gari. Sikulia. Sijalia hadi leo. Nakula, nalala, nikiulizwa najibu. Akiniambia pua inamwasha, namkuna.

Leo asubuhi, naambiwa, wamefunga mlango mpya wa mashine na kupaka rangi. Bomba halijaguswa, waya upo. Zamu yake amepewa mama wa watoto watatu, yule anayekaa na wewe wakati wa chai. Anawasha saa nane. Nimempigia, simu zao zinawekwa kabatini. Mimi, tangu moto ule, mlinzi ana amri asinifungulie geti.

Wewe anakufungulia. Ukutani, kushoto kwa mashine, kuna swichi kubwa ya kukata umeme wake wote, yenye mpini mwekundu. Uvute chini, utie kufuli linaloning'inia hapo, ufunguo utoke nao mfukoni mwako. Ni saa saba na nusu. Weka karatasi hii chini, nenda.